Wilaya Iliyoelimika kwa Asilimia Mia

Msomaji, usipoteze muda kuitafuta nchi hii ramanini. Haipo. Nasema haipo kwa sababu bado nimeajiriwa nayo, na mtumishi wa umma hasemi ovyo kuhusu mwajiri wake. Ukiona humu jambo linalofanana na la kwenu, pole sana, ila mimi sijakutaja.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo mimi ni Afisa Elimu kwa Umma, Daraja la Pili. Jina langu ni Makungu Sefu. Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuwaelimisha wananchi wa Wilaya ya Kitope kuhusu seli shina, na niliifanya kwa uaminifu. Ninacho cheti cha mtumishi bora chenye picha yangu. Siku hizi nimekigeuza kitazame ukuta.

Ilianza hivi. Madaktari wetu waliosomeshwa ng'ambo walirudi na habari njema. Walisema ndani ya mifupa ya kila mtu mna uboho, na ndani ya uboho mna seli ambazo bado hazijawa kitu, zinazoweza kugeuka kuwa damu. Hizo ndizo seli shina. Mtoto mwenye selimundu, ambaye chembe za damu yake hupinda kama mundu zikakwama njiani na kumlaza kwa maumivu ya mifupa, anaweza kupewa uboho wa ndugu yake anayelingana naye, na mwili wake ukaanza kutengeneza damu nzima. Si uganga, walisema. Ina hatari zake, na si kila mtoto ana ndugu anayelingana naye, lakini wanaoipata wengi wao hupona. Waliyaeleza hayo kwa dakika kumi, na Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa wa Heshima Tekla Barongo, akaelewa upesi.

"Kwa hiyo," alisema, "seli shina ni kijana aliyehitimu chuo na bado hajapangiwa kazi."

Daktari mmoja alisema ndiyo, kwa namna fulani.

"Basi nchi hii tunazo nyingi mno," alisema Waziri, na kikao kikafungwa kwa makofi.

Jengo la Tiba ya Seli Shina lilijengwa Kitope, ng'ambo ya uwanja wa mpira, likitazamana na zahanati. Lilikuwa na vitanda vinane, mashine za kuchuja hewa, mashine za kutengeneza oksijeni, na wataalamu watano. Kila asubuhi wataalamu waliingia kwa mlango wa nyuma, usioruhusiwa kwa mgonjwa, wakaziwasha mashine, wakazifuta vumbi, wakazizima. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli na utepe mwekundu. Haukuruhusiwa kufunguliwa, maana Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Elimu Kwanza.

"Hatutaki mwananchi apone bila kuelewa!" alisema Waziri siku ile ya jiwe la msingi. "Kupona bila kuelewa ni ushirikina! Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Serikali hii inasema ataambiwa, ataambiwa tena, na siku wilaya itakapoelimika kwa asilimia mia, ndipo mlango huu utafunguliwa!"

Tulishangilia. Mimi nilishangilia kwa nguvu, maana siku ileile nilikuwa nimekabidhiwa pikipiki.

*

Kuelimisha si kazi ngumu ukiwa na kijitabu. Kijitabu chetu kilikuwa na swali moja na jibu moja. Swali: Seli shina ni nini? Jibu: Seli shina ni seli mama isiyo na kazi maalumu, yenye uwezo wa kugeuka na kuwa seli nyingine kwa manufaa ya Taifa. Maneno "kwa manufaa ya Taifa" hayakutoka kwa madaktari. Yaliongezwa na kamati, na kamati ilikaa siku nne kuyaongeza.

Mwananchi akijibu, nilimwandika daftarini: Ameelewa. Elimu yake ilidumu miaka miwili, kisha ikaisha muda, nikamrudia. Watoto walianza kuandikishwa siku wanapotimiza miaka kumi. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa sheria, mtoto hana cha kuelewa.

Nilimrudia Bi Mgeni Pandu wa Kitope Chini mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza, "Mjukuu wangu, hizo seli leo mmekuja nazo?"

"Hapana, bibi. Tumekuja na elimu."

"Haya, ipakue. Lakini mwakani njooni na zenyewe, hata kidogo. Mimi nishaielewa sana hii, na goti bado linaniuma."

Nilimwambia goti lake si ugonjwa unaotibiwa kwa uboho. Akasema ameelewa hivyo pia, na nikamwandika.

Mtu ambaye hakukosa semina hata moja alikuwa Siwema, fundi cherehani wa pale sokoni, ambaye sote tulimwita Mama Mwatumu kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuja na binti yake wa pili, Nasra, mwenye selimundu. Siku nzuri Nasra alikuja kwa miguu yake, na siku mbaya alibebwa mgongoni, miguu ikining'inia, maana alikuwa mrefu kwa miaka yake tisa. Madaktari walikuwa wamepima damu ya Mwatumu na ya mdogo wake, na vipimo vikalingana. Mwatumu alikubali kutoa uboho kabla hajaulizwa mara ya pili. Mama alikubali, baba alikubali kwa simu kutoka machimboni, daktari alikubali. Kilichobaki kilikuwa asilimia.

"Tumefika ngapi, Bwana Makungu?" Mama Mwatumu aliniuliza kila nilipokunja mabango.

"Tisini na moja, Mama Mwatumu. Vuta subira."

"Subira ninayo mimi. Mtoto ndiye hana."

Nasra alilijua jibu la kijitabu kuliko mimi. Nilipokosea aliinua kidole. "Umeruka 'yenye uwezo', mwalimu," alisema, na watu wakacheka, nami nikacheka. Siku moja nilimkuta barazani anawafundisha watoto wengine watatu wenye selimundu, mmoja baada ya mwingine, ili wakitimiza miaka kumi wasiicheleweshe wilaya. Nilisifu sana. Niliandika habari hiyo kwenye ripoti ya robo mwaka, chini ya kichwa Mafanikio.

*

Mwaka wa sita tuliwamaliza walio hai. Tuliwafuata mashambani, minadani, kwenye foleni za maji, na mmoja juu ya mnazi. Wa mnazi alijibu akiwa kulekule juu. Lakini asilimia ilikataa kufika mia. Nilipoichunguza orodha niligundua kwamba ilitokana na sensa ya zamani, na kwamba wananchi mia nne na kumi na wawili walikuwa wamefariki. Kulifuta jina daftarini kulihitaji mwenyewe afike ofisini na kitambulisho.

Nilimpelekea taarifa Mkurugenzi wangu, Bwana Tabaro Kihongo. Yeye si mtu wa kwetu. Wiki ileile alikuwa amehudhuria mazishi ya jirani yake hapa Kitope, na huko akaiona desturi yetu ya zamani: maiti akishafukiwa, mtu mmoja hukaa kichwani mwa kaburi akamfunza yule aliyelala chini majibu ya maswali atakayoulizwa huko aendako. Ni desturi ya huruma. Hata mtu ambaye duniani hakuelewa lolote haachwi aende peke yake bila kusaidiwa. Waombolezaji walikuwa wakilia, na Bwana Tabaro akatoa kalamu.

"Makungu," aliniambia, "mnao mfumo kamili wa kuelimisha wafu, na hamjawahi kuutumia kwa shughuli za Serikali!"

"Lakini mkuu, watajibuje?"

Alimwita mwanasheria wa idara. Mwanasheria alifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. "Bibi harusi akiulizwa na akanyamaza," alisema, "si tunasema amekubali? Na maiti akiulizwa, akanyamaza, ameelewa. Ila hiyo ni kwa wafu tu. Tusije tukafungua mlango wa uvivu kwa walio hai."

Basi nikachukua mkeka, kijitabu na daftari, nikaanza na makaburi ya msikitini, kisha ya kanisani, kisha yale ya pembezoni mwa mashamba ambayo wenyewe wameyasahau. Nilifanya kazi mchana kweupe. Nilikaa kichwani mwa kaburi, nikataja jina, nikauliza, nikasubiri kidogo, nikaandika. Sijawahi kupata wasikilizaji watulivu kama wale. Siku ya kwanza niliwaelimisha sitini.

Siku ya tatu nilifika kwa Athumani Mkopi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minne mwenye selimundu, aliyefariki mwaka wa pili wa kampeni akisubiri asilimia. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe alipokuwa hai, lakini elimu yake ilikuwa imeisha muda. Nikakaa, nikasema, "Athumani Mkopi, seli shina ni nini?"

Akajibu.

Sauti haikutoka chini, wala haikutoka juu. Ilitoka pale ambapo kijana wa kimo chake angesimama. Alilitoa jibu lote bila kukosea, ila aliacha "kwa manufaa ya Taifa". Kisha akauliza, kwa adabu, kama alivyokuwa akiuliza darasani: "Na kitanda?"

Niliogopa. Sitaki kulipamba jambo hili; mkojo ulinitoka kidogo. Lakini fomu ilikuwa na safu ya Maoni, nami ni mtu wa fomu. Nikaandika: Mwelimishwa ameuliza kuhusu kitanda. Nikakunja mkeka, nikaenda kaburi la pili yake. Pale alilala mzee aliyekufa kwa kuangukiwa na ukuta, naye akanyamaza vizuri kabisa.

Kati ya wale mia nne na kumi na wawili, thelathini na mmoja walikuwa wamekufa wakisubiri tiba. Wote thelathini na mmoja walijibu, na wote waliuliza neno lilelile. Wadogo wao waliuliza kwa sauti ndogo. Mmoja, binti wa miaka kumi na moja, aliuliza mara mbili, nadhani alidhani sikumsikia.

Nilimpelekea Mkurugenzi ripoti. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiufunga mlango wa ofisi yake. Kesho yake majibu yalikuja kwa maandishi: Wafu wana haki ya elimu. Kitanda ni haki ya walio hai, na itatolewa mlango utakapofunguliwa. Tafadhali usiwachochee.

*

Kaburi la mwisho nililimaliza Jumatano. Wilaya ilikuwa na asilimia mia. Sherehe ikapangwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na Waziri akawa njiani usiku kucha pamoja na bendi.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi ofisi ya takwimu iliniletea orodha iliyohuishwa. Jina moja lilikuwa limeongezeka. Siku ile Nasra alitimiza miaka kumi.

Nilifurahi. Mwananchi yeyote mwingine angenitoa jasho, lakini Nasra! Nilivuka uwanja nikipiga mluzi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu natamani lisingekuwa kweli.

Nilimkuta zahanati. Alikuwa amelazwa tangu Jumanne, kifua kimembana. Macho yalikuwa ya njano, mbavu zilipanda na kushuka upesi, na kwenye uso wake palikuwa na barakoa ya oksijeni iliyomzidi ukubwa. Muuguzi, Sista Yustina, alikuwa ameushika mtungi kana kwamba anaushikilia usikimbie.

"Huu utafika saa tatu, basi," aliniambia. "Kule ng'ambo ya uwanja wana mashine inayotengeneza hewa yenyewe, na daktari wa damu. Tazama, yule dirishani. Tangu alfajiri amesimama pale. Ameomba ufunguo, ameambiwa hadi asilimia."

"Asilimia imebaki mtu mmoja tu," nilisema, "na ndiye huyu." Niliinama. "Nasra, mwanangu, seli shina ni nini?"

Aliniangalia. Alinijua, hilo nina hakika nalo. Midomo ilicheza ndani ya barakoa, lakini hewa yote aliyokuwa nayo ilikuwa na kazi nyingine.

"Anajua," alisema Mama Mwatumu. "Na wewe unajua kwamba anajua."

"Najua, Mama Mwatumu."

"Basi andika."

"Kanuni inataka mwenyewe atamke."

"Bwana Makungu." Hakupandisha sauti. "Mgonjwa haulizwi uji. Nyinyi mnamwuliza seli?"

Mwatumu alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, amekunja mkono wa gauni lake hadi begani. Nilikuwa nimemfundisha mara tatu kwamba uboho huchukuliwa nyongani, naye alikuwa amejibu vizuri mara tatu. Lakini asubuhi ile alikuwa ameutoa mkono, ameunyoosha mbele, anangoja atakayeuchukua.

Nilimpigia simu Mkurugenzi. Alikuwa kwenye mazoezi ya kukata utepe.

"Amejibu?" aliuliza.

"Amenyamaza, mkuu."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi hajaelewa. Aliye hai akinyamaza hajaelewa. Msubiri, Makungu, tuna muda. Waziri bado anakunywa chai."

Nikasubiri. Kalamu ilikuwa mkononi, daftari limefunguliwa gotini, mstari wake uko wazi. Yalikuwa maandishi ya neno moja. Nilimwuliza tena saa mbili na robo, na saa mbili na nusu nikamwuliza tena, na saa mbili na dakika arobaini nilimsogelea sikioni nikamnong'oneza jibu lote, neno kwa neno, ili anifuatishe. Alifumba macho na kuyafumbua. Nilijiuliza kama kupepesa ni kutamka, nikatafuta kwenye kijitabu, sikukuta.

Saa tatu kasoro dakika tano mtungi uliisha. Mama yake alimwinua akamlaza kifuani. Saa tatu Sista Yustina aliivua ile barakoa.

Ng'ambo, yule daktari aliondoka dirishani. Nami, Mungu anisamehe, niliangalia saa, nikaangalia mstari, na mkono wangu ukaandika: Ameelewa. Kanuni sasa iliruhusu.

*

Sherehe haikuahirishwa. Watu walikuwa wamekwisha kukaa.

"Wananchi wa Kitope!" alisema Waziri. "Leo mmekuwa wilaya ya kwanza katika bara hili kuelimika mia kwa mia, walio juu ya ardhi na walio chini yake! Mataifa yenye maabara yanatuonea kijicho, kwa maana wao wanatibu tu! Ninaambiwa aliyeikamilisha mia yetu ni binti mdogo, mzalendo, aliyeelimika asubuhi hii hii. Namwomba mama yake aje tukate naye utepe!"

Hakuna aliyekuwa amemwambia lililobaki. Mkurugenzi alikuwa amenikataza.

Nilidhani Mama Mwatumu hatakuja, lakini alikuja. Alipita katikati ya viti akiwa amejitanda kanga mbili, na watu waliojua wakainuka mmoja mmoja alipopita, hata bendi ikaacha kupiga bila kuambiwa. Waziri alimpa mkasi na kipaza sauti. Mkasi aliuweka mezani.

"Mimi sina hotuba," alisema. "Mwanangu yuko zahanati, amefunikwa. Nina swali kwa huyu bwana mwenye daftari." Akanigeukia. "Bwana Makungu, mimi na wewe tumejuana miaka sita. Ulifika kitandani saa mbili. Mwanangu amekufa saa tatu. Ndani ya ile saa moja, kama ungeandika lile neno, nani angekufunga?"

Mshereheshaji aliniletea kipaza sauti cha pili, kwa sababu ratiba ilisema afisa naye atatoa salamu. Nilimtazama Mkurugenzi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikafungua kijitabu, maana mikono yangu haikuwa na mazoea mengine, nikakifunga.

"Hakuna, mama," nilisema.

Uwanja mzima ulisikia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo cha nguo na kukikuta ndicho alichodhani, akarudisha kipaza sauti na kwenda kumwosha mtoto wake. Utepe ulikatwa na Waziri.

Tangu siku hiyo mlango uko wazi. Tiba inatolewa kweli. Sitasema uongo kwa ajili ya huzuni yangu. Miezi kumi na minne imepita na watoto wanne wametoka salama, watatu kati yao wakiwa wale wa barazani. Kila Alhamisi huletwa kuangaliwa damu, na wakimaliza huachiwa wacheze uwanjani, mbele ya dirisha la ofisi yangu. Wanakimbia. Walikuwa hawawezi kukimbia, na sasa wanakimbizana hadi golini na kurudi, wakipiga kelele za kuumiza masikio. Mimi huacha kazi nikawahesabu. Nahesabu polepole, kwa kidole, kama nilivyofunzwa kuhesabu mahudhurio, na kila mara napata watano. Nimemwuliza mlinzi, anasema ni wanne. Nimemwuliza Sista Yustina, naye aliniangalia kwa muda mrefu, akasema ni wanne. Basi huwa nashuka, nasimama pembeni ya mstari wa uwanja bila daftari, nikimtafuta yule asiyehema.